Anayeupa Moshi Njia

Jiko la bibi yangu pale Chiwata halikuwa na bomba la moshi, na hakuna aliyeona upungufu. Lilikuwa kibanda cha miti na udongo chenye paa la nyasi, mafiga matatu katikati, na juu ya mafiga uchaga wa mianzi uliokolea masizi mpaka unang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Juu ya uchaga ndiko ilikokaa mbegu: mahindi yaliyofungwa jozi jozi kwa maganda yake, mtama, kunde ndani ya kibuyu kilichozibwa mdomo. Moshi ulipanda, ukaifukiza mbegu, ukawafukuza fukusi, ndipo ukajipenyeza kwenye nyasi na kwenda zake. Alfajiri, ukiwa nje, uliona paa zima linafuka kama chungu cha viazi kilichofunuliwa.

Kwa bibi, moshi ulikuwa kibarua. Alijua kuni ipi inatoa moshi mkavu na ipi inatoa moshi wa machozi, na alijua pa kuweka kigoda chake ili moshi upite nyuma ya mgongo. Sisi wajukuu tuliokaa kokote tulitoka mbio tunapiga chafya. Sisemi kibanda kile kilikuwa cha afya. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipomfahamu, na kikohozi chake kilituamsha kabla ya jogoo. Lakini ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiuelekeza moshi badala ya kuukimbia.

Moshi wa pili tulioujua ni wa korosho, na huo hauna undugu na mtu. Korosho hukaangwa nje, mbali na nyumba, kwenye bati lililotobolewa matundu kwa msumari na kutegwa juu ya mawe. Ganda lake lina mafuta meusi yanayobabua ngozi. Yakipata moto hufuka moshi mzito unaowasha koo, halafu ghafla bati zima linalipuka ndimi za moto. Hapo unalipindua kwa mti mrefu na kuzifukia korosho mchangani. Amri ilikuwa moja: kaa upande upepo unakotoka. Mabaharia wa Mikindani wangesema kaa joshini. Sisi wa bara tulisema tu, "We mtoto, hama hapo!"

Haya yote niliyakumbuka miaka mingi baadaye, nimesimama katika jiko la hoteli moja mjini Masasi, mjomba wangu akiwa juu ya ngazi, mkono umezama mpaka kwapani ndani ya boksi la bati. Mjomba huyu ni kitinda mimba wa bibi yuleyule. Kazi yake ni kutunza lile bati pana linaloning'inia juu ya majiko na kunyonya moshi. Wapishi wanaliita hudi. Yeye analiita kofia. Kiswahili kina neno dohani kwa bomba la kutolea moshi, neno la melini, na kamusi za zamani zinaeleza kwamba dohani ni pia kapu refu la kubebea matunda. Lakini tangu nianze kuingia majikoni sijamsikia mtu akilitumia, nami sitalilazimisha.

Kofia ile ni pana kuliko kitanda cha watu wawili. Ukingo wake wa chini uko kama mita 2 kutoka sakafuni, na kila upande umezidi majiko kwa karibu shibiri, kwa sababu moshi hupanda ukitanuka. Ndani yake yamepangwa machujio. Nilipoambiwa chujio nilitazamia wavu au kitambaa, kumbe ni vipande vya bati vilivyokunjwa na kupishana, vikiinama kama paa la nyumba. Hewa inayotoka kwenye karai la chipsi imebeba vitone vya mafuta visivyoonekana. Ikifika pale hulazimika kupinda, kisha kupinda tena. Hewa ni nyepesi, inapinda. Tone la mafuta ni zito, linafanya kama bodaboda aliyeingia kona kwa kasi: linakwenda moja kwa moja, linagonga bati, linateleza hadi mferejini, na mwisho linaangukia kwenye kikopo. Hewa iliyobaki hupanda na bomba hadi juu ya paa, anakokaa mwenye nguvu, yaani feni na mota yake.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumtembelea, feni ilikuwa inavuma kwa nguvu zote na jiko limejaa moshi vilevile. Ilikuwa msimu wa korosho, wanunuzi na madereva wa malori wamejaa mjini, kila mtu anataka kula kwa wakati mmoja. Dada wa chipsi alikuwa anafuta machozi kwa kanga.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba, mpwa wangu. Huoni hawa walivyojifungia?"

Hakuigusa feni. Alikwenda kwenye mlango wa nyuma, uliokuwa umefungwa kuzuia nzi na vumbi. Alipousukuma ulikataa kwanza, kama kuna mtu ameushikilia kwa nje, kisha ukaachia na upepo ukaingia kwa mkupuo. Niliangalia moshi uliokuwa umezubaa chini ya dari. Ulisita, ukapinda, ukaanza kuingia ndani ya kofia.

"Debe la mafuta," alisema. "Ukilitoboa tundu moja, mafuta yanatoka kwa kwikwi. Toboa la pili, yanamiminika. Feni ni tundu moja. Hawa wameniziba la pili."

Kwangu mimi, ufundi wote wa kofia ya moshi uko kwenye debe hilo. Watu wananunua feni kubwa, na ikishindwa wananunua kubwa zaidi, hali ukuta wa nyuma hauna hata dirisha. Kila hewa inayotolewa nje inadai nyingine iingie badala yake. Usipoipa njia itaitafuta yenyewe: chini ya mlango, kwenye bomba la maji machafu, au itateremka na bomba la jiko jingine ikiwa na sumu yake.

Ila kufungua mlango si mwisho wa kazi, na hapa ndipo mjomba anapogombana na wapishi. Upepo ukiingia ukipita kasi juu ya majiko, unaukumba moshi pembeni kabla haujafika kwenye kofia. Kwa hiyo alitoboa matundu chini ya ukuta wa nyuma, akayafunika kwa wavu, hewa iingie polepole ikitambaa. Akapiga marufuku feni ya kusimama ambayo dada wa chipsi alikuwa amejielekezea usoni. Dada alinuna wiki nzima. Ana haki, joto la karai si mchezo. Lakini feni ile ilikuwa inampunguzia jasho yeye na kumrushia moshi mwenzake wa mishkaki.

Kila asubuhi, majiko yakiwa bado baridi, mjomba huwasha feni na kupita na kipande cha karatasi laini ya chooni, akikiweka mbele ya chujio moja baada ya jingine. Kikinata, anasonga. Kikidondoka, anasimama. Nimemwona akifanya hivyo kwa utulivu wa mganga anayepima mapigo. Na ni karatasi hiyo iliyomwokoa mwaka fulani, fundi mmoja wa umeme alipobadilisha swichi kubwa ya hoteli. Umeme uliporudi feni iliwaka, ikavuma kama jana, na fundi akalipwa akaenda. Karatasi ikawa inadondoka. Sio kwenye machujio yote, ila hata ilikonata haikunata kwa hamu.

Mjomba alipanda juu ya paa, akaagiza feni izimwe, akaitazama inavyopunguza mwendo. Ilikuwa inazunguka kinyume cha mshale uliochorwa kwenye boksi lake. Mota ya fezi tatu ukiibadilishia waya mbili tu inageuka njia. Na ajabu ya feni ya namna hii, yenye mapanga yaliyojipinda ndani ya boksi, ni kwamba hata ikizunguka kinyume hewa bado hutoka kwa mlango uleule, ila kidogo. Ingekuwa inarudisha moshi ndani, kila mtu angepiga kelele. Ilikuwa inafanya kazi kivivu, na uvivu wa mashine haupigi kelele. Umeme ukakatwa, waya mbili zikabadilishana mahali, karatasi ikanata.

Lakini kazi hasa ni ya usiku, saa nne, mshikaki wa mwisho ukishatoka. Machujio hushushwa moja moja. Hapo mjomba ana tabia aliyoileta kutoka Newala, alikofanya kazi kabla ya kurudi Masasi. Juu kule kwenye uwanda wa Makonde mvua inanyesha lakini inazama mchangani. Hakuna mto wa kuchota, na maji yamekuwa shida ya vizazi. Ukinunua maji kwa ndoo hutaimwaga ndoo juu ya mafuta. Kwa hiyo kwanza anayafuta machujio kwa pumba za mahindi, zinakunywa mafuta yote mazito, ndipo anayatumbukiza kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga. Masasi maji yanapatikana kwa nafuu kidogo, lakini pumba hajaziacha, na karo lake halijawahi kuziba.

Kijana aliyemsaidia zamani aliona uvivu kusugua, akamwaga kostiki ya kutengenezea sabuni. Machujio yalikuwa ya alumini. Maji yalichemka yenyewe bila moto, mapovu yakapanda, na chujio likatoka jeusi, limeliwa kama jani lililopitiwa na viwavi. Tangu hapo machujio ni ya stenlesi na kostiki haiingii mlangoni.

Yakishakauka, na lazima yakauke, hurudishwa mikunjo ikiwa imesimama. Ukiyalaza, mafuta hayana pa kuteremkia, yanabaki mikunjoni yakisubiri cheche. Nimeshatembelea majiko mawili ya watu wazima wenye akili zao ambako yamelazwa.

Bomba linalopanda juu ndilo linalomnyima usingizi. Kanuni za Marekani za kuzuia moto majikoni, zinazoitwa NFPA 96, zinataka bomba la jiko la kuni au mkaa likaguliwe kila mwezi, na la jiko linalokaanga usiku na mchana kila baada ya miezi 3. Mjomba hajazisoma. Hesabu yake ni ukucha: anaupitisha ndani ya bomba, na ukichonga mtaro, siku hiyo halali mpaka amekwangua. Mafuta yaliyoganda ndani ya bomba ni utambi. Karai likishika moto chini, ndimi zinavutwa juu, na feni iliyokuwa mlinzi inageuka mivukuto ya mhunzi. Amewafundisha wapishi wote mambo mawili: funga gesi, funika karai. Maji kamwe. Waliokulia kwetu hawahitaji maelezo marefu, kwani hakuna aliyewahi kuona mtu akimwagia maji korosho zinazowaka.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimekwishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Naunga mkono kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2, na macho ya bibi yangu hayamo hata kwenye hesabu hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba tunahesabu mitungi na kusahau paa. Gesi inaondoa moshi wa kuni. Haiondoi moshi wa mafuta ya chipsi, mvuke wa sufuria ya maharage ya wanafunzi 400, wala hewa yenye sumu ambayo moto wowote huizalisha ukikosa pumzi. Nimeona jiko la shule limepewa majiko mapya yanayometameta, na madirisha yake ni ya kupitisha daftari.

Na kuna kichekesho kinachowahusu watu wa kusini peke yao. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, mkoani kwetu, mwaka 1982, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotuzalishia umeme. Gesi ya mitungi ni nyingine, inaletwa na meli. Kwa hiyo kwenye jiko la mjomba gesi ya ng'ambo ndiyo ilikuwa inakaanga chipsi, na ya kwetu, kupitia waya, ikizungusha feni.

Bibi aliwahi kulitembelea jiko lile mara moja, kabla macho hayajamwishia. Mwanawe alimwonyesha kila kitu, akamwashia na kumzimia. Bibi alisimama chini ya kofia, kichwa ameinua, kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mbegu mnaweka wapi?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa. Halafu akamwonyesha kile kikopo cha mafuta. Bibi akatumbukiza kidole, akanusa, akasema hicho si kitu cha kuweka juu ya chakula cha watu.

Basi ukipita Masasi msimu wa korosho, kabla hujaagiza, omba kuchungulia jikoni. Usitazame sufuria. Inua macho kwenye ukingo wa kofia, na ukiona tone la njano linaning'inia, agiza ugali na mboga za kuchemsha.