Maiti huyu au maiti hii? Kusoma Past Mortems kwa Kiswahili

Jaribu kumsimulia mtu kitabu cha Carla Valentine, Past Mortems, kwa Kiswahili, uone utakavyokwama mapema. Aliyelala mezani ni maiti huyu au maiti hii? Magazeti yetu yanaandika vyote viwili, wakati mwingine katika habari hiyohiyo. Ukikimbilia "mwili", umeshamfanya kitu. Ukisema "marehemu", umemrudishia utu, na rehema ndani yake, lakini nani atasema "tulimpima marehemu ini"? Valentine mwenyewe amepata njia ya mkato: katika mochwari za Uingereza wengi humwita mgonjwa, naye analitumia neno hilo. Kwetu ukimwita mgonjwa, ndugu wataanza kuuliza atatoka lini.

Naanza na hili la lugha kwa sababu ndilo kitabu chenyewe kinahangaika nalo, hata kisipolitaja. Utamtendea vipi mtu ambaye sasa hivi ni kazi iliyo mbele yako?

Kitabu kilitoka mwaka 2017. Valentine alikuwa mhudumu wa mochwari, yule anayemsaidia mwanapatholojia katika uchunguzi wa maiti, kabla ya kwenda kutunza makumbusho ya patholojia ya Barts, London. Na hapo kwenye "anayemsaidia" pana jambo. Wengi wetu tunadhani daktari ndiye anayepasua mwanzo hadi mwisho. Kumbe mara nyingi ni mhudumu anayefungua kifua, anayekata mbavu kwa mkasi wake mkubwa, anayetoa viungo na kufungua fuvu kwa msumeno wa umeme. Mwanapatholojia anaukagua mwili kwa nje, kisha anavichambua viungo vilivyotolewa, anaandika na kutia sahihi. Halafu anaondoka. Anayebaki na yule mtu ni mhudumu: kurudisha viungo, kushona, kuosha, kuchana nywele.

Valentine amezipanga sura zake kwa kufuata mkondo huo. Karatasi kwanza, maandalizi, ukaguzi wa nje, kifua, tumbo, kichwa, kushona, hadi chumba ambamo familia inakuja kuaga. Ni mpango mzuri sana, kwa kuwa hata anapopotea njia (na anapotea, huyu dada anapenda hadithi) unajua tutarudi mezani tulipoachia.

Tatizo ni mizaha. Vichwa vya sura ni michezo ya maneno na majina ya filamu. Wachapishaji wa Marekani wakaongeza chumvi, wakakiita The Chick and the Dead. Yaani! Naelewa kwamba watu wa kazi hii hutaniana ili siku ipite. Hata makaburini wachimbaji wanataniana. Ila utani wa wenzako chumbani si sawa na utani uliochapishwa, ambao binti wa marehemu anaweza kuununua dukani. Kila Valentine anapohofia kwamba tutachoka, anatuchekesha, na kila anapotuchekesha mimi namwamini kidogo pungufu.

Huku kwetu kuna kipimo cha jambo hili, nacho ni cha waosha maiti. Muulize mtu yeyote wa pwani: anayeosha akiona alama, kilema au jambo la aibu kwenye mwili, hasimulii. Ni sitara. Kwa kipimo hicho kitabu kizima kingekuwa dhambi, na nimesikia watu wakisema hivyo kuhusu vitabu vya aina hii: mambo ya mochwari yaachwe mochwari.

Sikubaliani nao. Chukua mkasa wa hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, jiji alikozaliwa Valentine. Ripoti ya Redfern ya mwaka 2001 ilieleza jinsi viungo vya watoto vilivyohifadhiwa bila wazazi kujua. Wazazi walikuwa wamezika wakiamini wamemzika mtoto mzima. Wengine ikabidi wazike tena. Sheria ya Human Tissue Act ya 2004 ilizaliwa na kilio hicho. Kimya cha pale hakikuwa sitara hata kidogo. Kilikuwa siri ya wakubwa, na sitara humlinda aliyelala, haimlindi mwenye kisu.

Kwa hiyo nimekisoma kitabu nikiwa na swali moja kila ukurasa: hapa anafunua kazi, au anamfunua mtu? Anapofunua kazi, ni mwandishi hasa. Sura ya kushona peke yake inatosha bei ya kitabu. Kuna ufundi mle ambao sikuwahi kuufikiria. Ngozi ya kichwa hukatwa kutoka nyuma ya sikio moja hadi jingine, ili mshono uangukie kwenye mto na nywele ziufunike. Mama anakuja, anambusu mwanawe kwenye paji la uso, anaondoka bila kujua kwamba hapo juu kulipita msumeno. Kazi ya mhudumu ikifanywa vizuri haionekani, na nadhani ndiyo maana hakuna anayemshukuru.

Wala anayemwandika. Katika riwaya nyingi za upelelezi za Kiswahili nilizosoma, maiti inapelekwa hospitali (nimeandika "inapelekwa", mnaona?), ukurasa unaofuata ripoti imerudi, mpelelezi anawasha sigara. Mtaani naye tumempa sura moja tu: mlevi, ati kazi ile haifanyiki bila kunywa kwanza. Mtu anayemshonea marehemu wako usiku ili asubuhi umtazame bila kupiga kelele anastahili zaidi ya kuwa kichekesho cha baa.

Nikipewa kitabu hiki nikitafsiri, ningeshika "maiti huyu" mwanzo hadi mwisho, hata pale sentensi itakaponuna. Mizaha ningeipunguza nusu na kumwandikia mwandishi barua ya kuomba radhi. Kwa anayetaka kitu kikavu zaidi, chenye siku za kawaida za kazi, kuna Down Among the Dead Men cha Michelle Williams, cha 2010, mwaka mmoja wa mhudumu hospitalini Gloucestershire. Lakini msiiruke sura ya Valentine ya kushona. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, nikitafuta Kiswahili cha ule mshono wa sindano iliyopinda. Mwenye neno la fundi wa kweli, si la kamusi, aniandikie hapa chini.