Mafundi wa Ekseli wa Ufipa

Noah ya zamani inayovuta kwa magurudumu ya mbele, ikiwa imejaza abiria kati ya Sumbawanga, Msanzi na Matai, hulia "ka-ka-ka" ikikata kona. Dereva huongeza sauti ya redio. Fundi huinama.

Anatafuta grisi iliyorukia upande wa ndani wa rimu, dalili kwamba buti ya raba inayofunika jointi ya ekseli imepasuka kwenye mikunjo. Kiangazi huingia vumbi, wakati wa mvua tope, na mchanga ukichanganyika na grisi husaga gololi sita za jointi hiyo pamoja na njia zake.

Nampongeza hasa fundi anayewahi kabla ya mlio. Anafungua nati ya habu, anachomoa ekseli, anatoa gololi moja moja, anaziosha kwa petroli (mimi ningechagua dizeli, sigara za gereji tunazijua), anapakia grisi nyeusi ya molibidenamu, anavisha buti mpya na kukaza klipu. Wapo wanaofunga buti iliyopasuka kwa mpira wa tyubu, hao siwapongezi. Jointi iliyokwisha kulia haiponi kwa grisi mpya, na fundi mkweli humwambia hivyo mwenye gari, ingawa angeweza kumtoza hela ya kuisafisha.