Palepale Penye Gigabaiti Nne

Kwa siku tatu pale Karatu tulilaumu mnara wa simu. Tulikuwa tunapakua faili la kusakinisha Ubuntu 24.04, lenye zaidi ya gigabaiti 5, kwa ajili ya kompyuta chache kuukuu, na kila jaribio lilikatika. Mnara ulisingizika kirahisi: umeme hukatika na ruta ikazimika, bando la usiku huisha kabla ya kazi. Na nani amesahau 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu siku moja?

Siku ya nne tukachukua daftari, tukaandika kila jaribio limekufa wapi. Mengi yalikufa popote: megabaiti 90, megabaiti 700, gigabaiti 2 na ushee. Lakini mawili yalikufa palepale, penye gigabaiti 4. Mtandao mbovu hauna mahali unapopapenda. Ukiona namba inajirudia, mwache mnara, tazama unakohifadhi.

Tulikuwa tunahifadhi kwenye flashi ya gigabaiti 32 yenye mfumo wa FAT32. Mfumo huo huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, hivyo faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, hata flashi iwe tupu kiasi gani. Kompyuta ilitoa onyo. Sisi tuliona neno “imeshindikana” tu, tukafunga dirisha.

Yale mengine kweli yalikuwa ya mtandao. Mwenzetu mmoja aliacha kompyuta ikipakua kupitia simu garini, katika safari ya kwenda geti la Lodoare na kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Njiani simu hupoteza mawimbi na kuyapata tena, na ikirudi inaweza kupewa anwani nyingine ya intaneti. Muunganisho wa TCP umefungwa kwenye anwani ile ya kwanza, kwa hiyo unakufa huku alama za mtandao zimejaa kwenye kioo. Hapo ndipo watu hudanganyika. Programu ya kupakua nayo hukaa kimya ikisubiri: wget, usipoielekeza, husubiri sekunde 900 ndipo ijaribu tena. Dakika 15 za bure, kila mara.

Tuliiandikia hivi: `wget -c --timeout=30 --tries=0`, na anwani ya faili. Hiyo `-c` huiambia seva, nipe kuanzia baiti niliyoishia. Seva ikijibu 206, imekubali. Ikijibu 200, inamwaga faili lote upya. Ukitaka kujua mapema, `curl -I` mara nyingi hukuonyesha mstari wa `Accept-Ranges: bytes`.

Kipande cha gigabaiti 4 hatukukitupa, bando lina bei. Tulikinakili kwenye diski ya kompyuta na kuendelea hapo. Hatari ipo: wget hutazama urefu wa kipande, haikagui kilichomo; kama kimeharibika, itaunga kizima juu ya kibovu na ukubwa utalingana vizuri kabisa. Kwa hiyo tulipomaliza tuliendesha `sha256sum`, inayokokotoa alama kutokana na kilichomo kwenye faili; mmoja akasoma kutoka kwenye kioo, mwingine akafuatisha kwa kidole orodha ya SHA256SUMS ya Ubuntu wenyewe. Alama 64. Tulisoma mara mbili, maana ya kwanza mwenye kidole aliruka mstari.