Sifa ya Kutopasua

Ng'ombe aliyelala mzima akikutwa asubuhi amekufa zizini, tumbo limefura na damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, bwana mifugo anayeijua kazi yake haugusi mzoga kwa kisu. Kwa maradhi mengi, kupasua ndiyo njia ya kujua kilichoua. Kwa kimeta, kupasua ni kukieneza. Bakteria wake wakipata hewa hugeuka spora, na spora huweza kudumu udongoni miongo kadhaa. Mzoga ukiachwa bila kufunguliwa, uozo huwaua humo humo ndani.

Ndiyo maana naienzi mikrobiolojia ya mifugo: hutafuta ukweli bila kuongeza madhara. Tone la damu ya sikioni linatosha. Hupakwa kwenye kioo likawa utando mwembamba, hukaushwa, huzamishwa kwenye spiriti, kisha humwagiwa methilini ya bluu iliyokomazwa kwa kuwekwa muda mrefu. Kioo kikishasuuzwa na kukauka, mtaalamu huinamia hadubini. Kimeta huonekana kama vijiti vya bluu vyenye ncha za mraba, vimeungana katika minyororo mifupi, na kuvizunguka pana ganda la rangi ya waridi. Bakteria wa uozo nao wanaweza kuwa vijiti vya bluu, ila ganda hilo hawana. John McFadyean alieleza kipimo hiki mwaka 1903, na bado kinatumika.

Ganda hilo ndilo silaha ya kimeta, kwani humficha bakteria asimezwe na chembe za ulinzi za mwili. Katika miaka ya 1930, Max Sterne wa Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata aina ya kimeta iliyopoteza ganda. Akaitumia kutengeneza chanjo, na mpaka leo mifugo duniani inakingwa kwayo. Jicho lililozoea kulitafuta ganda lilijua pia thamani ya kulikosa.

Vipimo vya vinasaba vina nafasi yake. Hata hivyo, mwanafunzi wa tiba ya mifugo asihitimu kabla hajaweza kuitambua rangi ile ya waridi kwa macho yake. Siku atakapoiona, jibu lake litahitajika upesi: nyama isiliwe, mzoga uteketezwe au uzikwe kwa kina, na mifugo ya majirani ichanjwe.