Kabla ya Spana

Kubadilisha plagi za Vitz ni kazi fupi. Kijana yeyote aliyeshinda gereji wiki mbili anaiweza. Kujua kwamba plagi hazina kosa, na kuziacha zilipo, ni jambo jingine kabisa, na ndilo ninalokusudia kulisifu. Tumezoea kumsifu fundi kwa mikono yake: anavyoshusha injini bila winchi, anavyotoa nati iliyoota kutu bila kuikata. Mimi naona sehemu bora ya ufundi wake hupita kabla spana haijaokotwa, wakati amesimama tu, kichwa kimeinama upande mmoja, na mteja anaanza kujiuliza kwa nini kazi haianzi.

Barabara za Dar es Salaam zimejaa magari madogo ya mtumba kutoka Japani. Vitz, Passo, IST, March, Demio, na miaka ya karibuni Aqua na Prius. Yanakuja na maisha ya nyuma tusiyoyajua, baadhi yakiwa bado na maandishi ya Kijapani kwenye skrini, na kwa kuwa ni madogo watu huyadharau. Huyaita beibi woka na kudhani hayana siri. Kumbe gari dogo ndilo gumu kulihukumu, kwa sababu halina akiba. Injini ya lita tatu ikipungukiwa sehemu ya kumi ya nguvu zake, mwenyewe anaweza kuzunguka nayo mwaka mzima asijue. Injini ya Passo yenye silinda tatu na cc 996 haina cha kupungukiwa. Kichujio cha hewa kikijaa vumbi, breki moja ikishika kidogo, tairi zikipungua upepo, gari zima linalalamika kwa sauti ileile moja: halivuti, na linabugia mafuta. Malalamiko ni mawili, vyanzo ni ishirini. Isitoshe, injini ya silinda tatu hutikisika kwa maumbile yake, na fundi asiyelijua hilo atauza mauntingi mpya kabla ya adhuhuri, na mtetemo utabaki palepale.

Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya ana gereji bubu chini ya mkungu. Chombo chake cha kwanza ni swali.

"Fundi, gari inakunywa mafuta siku hizi."

"Pole, dada. Tangu lini?"

"Kama mwezi hivi."

"Na mwezi huo kuna mtu aliishika?"

"Aah, walibadilisha rejeta tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyomfanya aweke kikombe cha chai chini. Fundi mwingine angeshika sindano za mafuta, azitoe, azisafishe, apokee hela. Yeye alichomeka kile kidude kidogo cha kusomea kompyuta chini ya usukani, akaunganisha na simu yake, akamwomba yule dada waende hadi barabara kubwa ambako gari linaweza kutembea bila kusimama. Joto la maji, ambalo kwenye gari la namna ile hukaa kwenye nyuzi themanini na kitu au tisini na kidogo, likawa linashuka kadiri upepo ulivyozidi kupiga rejeta, hadi sitini na kitu. Themostati haikuwepo. Aliyefunga rejeta mpya alikuwa ameing'oa.

Gereji zetu nyingi zina imani kwamba nchi ya joto haihitaji themostati, na anayeing'oa humwambia mteja kwamba amemwepusha na kuchemsha. Kweli, bila vali hiyo ya kuyazuia, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Lakini injini isiyofikia joto lake inasomwa na kompyuta kama injini iliyowashwa sasa hivi asubuhi, nayo inaendelea kuongezewa mafuta. Oili inabaki nzito, maji na petroli vinavyopenya kwenye oili havigeuki mvuke. Kwa gari la haibridi ni mbaya zaidi, kwa sababu injini yake hairuhusiwi kuzima mpaka ipate moto, na kuzima ndiko kulikomfanya mtu alinunue. Taa ya injini inaweza kuchelewa sana kuwaka, au isiwake kabisa.

Hapo ndipo penye tofauti ya kupima na kupiga ramli. Taa ya injini ikiwaka, mashine husoma msimbo, na mteja huamini kwamba msimbo ni jina la spea ya kununua. Chukua P0171, unaosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Anayetangaza habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, basi watu huenda kununua sensa ya oksijeni. Wanamng'oa aliyesema kweli. Mpya inafungwa, msimbo unafutwa, na baada ya siku chache taa inawaka tena, na safari hii wananunua nyingine.

Jibu liko kwenye tarakimu ambayo wengi hawafungui ukurasa wake: asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kulinganisha na hesabu yake ya msingi. Kwenye IST, ambayo hupima hewa inayoingia kwa sensa, asilimia hiyo ikicheza karibu na sifuri mambo ni shwari. Ikiwa imepanda hadi ishirini wakati gari limesimama linanguruma, kisha ikashuka kuelekea sifuri unapokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya kipima hewa. Injini ikiwa polepole huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya yote; ikikimbia, wizi uleule unamezwa na wingi. Ikiwa ni kinyume chake, yaani palipo polepole ni shwari na asilimia inapanda kadiri unavyoidai injini kazi, basi mpira hauna kesi. Angalia pampu ya mafuta inayochoka, au sensa ya hewa iliyopakwa vumbi na mvuke wa oili ikawa inahesabu pungufu. Msimbo ni mmoja, maradhi ni tofauti kabisa, na kilichoyatenganisha ni kukanyaga mafuta ukiangalia namba. Sijui burudani ya akili iliyo safi kuliko hiyo inayopatikana kwa mikono yenye grisi.

Lakini namba haina maana kwa asiyejua namba ya gari zima. Hili ndilo lililonifanya nimheshimu yule fundi wa chini ya mkungu. Ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na ndani yake ameandika magari yasiyo na shida. Gari likija kubadilishwa oili tu, huomba ruhusa, anachomeka kidude chake, anaandika joto, asilimia za mafuta, volti za betri, mizunguko injini ikiwa imetulia, na kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa. Kurasa kwa kurasa za uzima. Mafundi wengi hukutana na gari linapougua tu, na uzima wanaukisia.

Na hakuna gari linalomwaibisha mkisiaji kama haibridi. Toyota ilipoanza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997 ilitengeneza mashine ambayo tabia zake za afya zinafanana na maradhi ya gari la kawaida. Haina stata wala oltaneta. Mota mbili za umeme zilizounganishwa na injini kwa gia za sayari hufanya kazi zote hizo. Sikio lililozoea kusikiliza stata halina cha kusikiliza. Kwenye foleni ya Mwenge, kiyoyozi kikiwa juu, injini inawaka yenyewe, inazima, inawaka tena, kwa sababu kompresa ya kiyoyozi inazungushwa na umeme wa betri kubwa na betri hiyo lazima ijazwe. Mwenye gari anakuja kushtaki kwamba "inajiwasha". Inatakiwa ijiwashe.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kushuka mlima. Mtu anateremka Kitonga kwa Prius, mguu umetoka kabisa kwenye mafuta, na katikati ya mteremko injini inaanza kuunguruma kwa nguvu kana kwamba kuna aliyeikanyaga. Anasimama pembeni, anafungua boneti, anapiga simu. Hesabu yake ni hii. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6 na hubeba kama kilowati-saa 1.3, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Huichezesha kati ya takriban asilimia 40 na 80 ili idumu. Kwa hiyo nafasi ya kupokea ni kama nusu kilowati-saa. Gari la kilo 1,300 likishuka mita 500 za kimo linaachia karibu kilowati-saa 1.8, kabla ya kutoa kinacholiwa na upepo na matairi. Betri inajaa mapema, na umeme unaobaki hauna pa kwenda. Basi mota inaizungusha injini bila tone la petroli, iwe breki. Ule mngurumo ni gari likijizuia. Fundi aliyeelewa hili anaweza kumtuliza mteja kwa simu, amwambie asogeze kile kigia kwenye B na aendelee na safari.

Matatizo ya kweli nayo yapo, na mengi huanzia mahali pa kawaida kuliko mteja anavyoogopa. Dashibodi ikijaa taa kama Krismasi, wa kwanza kulaumiwa ni betri kubwa, kwa kuwa ndiyo ghali. Fundi mzuri anaanza na ile ndogo ya volti 12 iliyojificha kwenye kona ya buti. Haizungushi injini, kazi yake ni kuziamsha kompyuta, na ikichoka kompyuta huamka nusu nusu na kusema mambo ya ajabu. Kisha anatazama kando ya kiti cha nyuma, pale penye matundu ya kuvutia hewa ya kupoza betri kubwa. Kwenye gari la familia utakuta vumbi, nywele, karatasi ya pipi. Feni haivuti, betri inachemka, na joto la pwani linamaliza kazi.

Akishafika kwenye betri yenyewe, msimbo P0A80 ukiwa unarudi kila unapofutwa, mzaha unaisha. Volti mia mbili za umeme mnyoofu zinaua. Gari linazimwa, plagi ya usalama inachomolewa kwa glavu za umeme, na mtu anasubiri dakika kumi ili umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita upungue, hata kama mteja anaangalia saa. Nyaya za rangi ya machungwa haziguswi kwa majaribio. Ndani kuna vipande 28 vilivyounganishwa mfululizo, na vikipimwa vimetulia vyote vinaweza kusoma volti saba na nusu na ushee, vikafanana kama mapacha. Hapo fundi anachukua balbu ya taa ya mbele ya wati 55, anaiunganisha kwenye kipande kimoja kimoja kwa dakika mbili, huku akitazama mita. Kipande kizima kinashuka kidogo na kushika. Kibovu kinaporomoka. Wakati mwingine vipande vyote ni vizima, na kilichoharibika ni vibao vya shaba vinavyoviunganisha, vimeota kijani kwa chumvi ya hewa ya bahari. Vikisafishwa, gari linarudi barabarani. Na kama kipande kimekufa, fundi mkweli atasema kwamba kukibadilisha hicho kimoja ni kununua muda, maana wenzake ni wa umri uleule.

Kuhusu kupima utendaji, wengi wetu tunadanganyana tu. Aqua ilipozinduliwa mwishoni mwa 2011 kiwanda kiliandika kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha Kijapani cha JC08. Hicho ni kipimo cha maabara, gari likizungushwa juu ya rola, na atakayekitarajia Mbagala atakufa na kihoro. Pima mwenyewe: jaza hadi pampu ikate, tembea mpaka tangi likaribie kuisha, rudi kituo kilekile, gawanya. Rudia. Na ulinganishe gari na barabara yake: haibridi huokoa mjini, kwenye kusimama na kuondoka, kuliko kwenye barabara ya mbio, kinyume cha gari la kawaida. Mwinuko nao una hesabu yake. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza huko kama asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Vitz inayoonekana imechoka Uyole huenda haina ugonjwa wowote.

Tatizo la ufundi huu ni malipo. Mteja hulipa bila kinyongo kwa spea anayoiona kwenye boksi lake, na hunung'unika kulipia fikra. Kwa hiyo tunawafundisha mafundi wenyewe kubahatisha: anayebadilisha vitu vitatu visivyohusika anaondoka na faida ya vitu vitatu, na anayegundua waya uliolegea anapewa hela ya soda. Yule wa daftari ameanza kutoza ada ya kupima, hata asipofungua nati. Wapo wanaoondoka kwa hasira wakisema fundi gani anakula hela kwa kuangalia simu. IST moja ililetwa ikiwa imekwisha kubadilishiwa sensa mbili kwingine. Kosa lilikuwa mpira wa hewa wenye ufa usioonekana mpaka ukunjwe. Mwenye gari alilipia mpira, akagoma kulipia saa mbili za kuutafuta. Walibishana mpaka wakaishia nusu. Kuhusu zile sensa mbili za zamani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, fundi alimwambia arudi akazidai kule zilikong'olewa.