Zimwi Huanzia Miguuni

Wachoraji wetu wa mazimwi huanzia kichwani: pembe, meno, macho mekundu. Miguu huachwa mwisho, ikachorwa harakaharaka, na hapo ndipo zimwi linapokosa uhai.

Darasa la miguu lipo Kariakoo, kwenye bakuli la supu ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe. Kitazame kipande kabla hujakitafuna: ngozi, mfupa na kano, nyama karibu hakuna. Misuli inayoendesha mguu wa ng'ombe imekaa juu, pajani na begani. Kano ndefu ndizo zinazofikisha nguvu hadi chini. Mguu unabaki mwepesi kuurusha mbele, mnyama hachoki upesi. Kwato nazo ni kucha za vidole viwili. Ng'ombe na mbuzi wanasimama kwenye ncha za vidole, na kile tunachodhani ni goti la nyuma lililopinda kinyume ni kifundo, kisigino kikiwa juu hewani. Goti lenyewe liko karibu na tumbo.

Mtu hukanyaga kwa wayo mzima, paka wa sokoni kwa vidole, mbuzi kwa kucha. Kisigino kikipanda, mguu hurefuka na hatua huongezeka. Lakini kuna gharama: kwato haikamati kitu.

Sasa mtazame George Lilanga (1934–2005), msanii Mmakonde wa Masasi aliyeanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani wake wana masikio mapana, matumbo yaliyofura, na mara nyingi vidole viwili tu mguuni. Vidole ni vya mbuzi, wayo ni wa mtu. Kisigino hakukiinua. Ndiyo maana wakicheza ngoma uzito wao unafika ardhini, na tumbo lile lina pa kuegemea. Angewasimamisha juu ya kucha wangeonekana wanataka kukimbia, na mashetani wa Lilanga hawana haraka: wanapiga soga, wanacheza. Sisemi alipima mifupa. Alikuwa mchongaji, na jicho la mchongaji linajua kitu kitasimamaje.

Uzito huwasumbua hata wanasayansi. Dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake kikiwa karibu na mita 12, huku miguu ya mbele imetanuka viwiko nje. Mwaka 2007 alisimamishwa upya, miguu ikanyooshwa. Mwili mzito hubebwa na mfupa uliosimama wima; goti lililokunjwa hudai misuli ifanye kazi muda wote.

Basi, mchoraji, zimwi lako likiwa na uzito wa tembo, linyooshe miguu. Likiwa la kukimbiza watu, inua kisigino. Na kama kazi yake ni kunyakua, tafadhali usilipatie kwato.