Waya Ndani ya Chokaa

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa zizuie jua, na ukuta uzuiao jua huzuia na wimbi la redio. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi. Ruta ya mjomba wangu ikikaa sebuleni, simu za wajukuu ghorofani hazikuambulia kitu. Alinunua kirudia mawimbi akakiweka kwenye ngazi, lakini kifaa cha aina ile hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu.

Fundi alipokuja hakufungua begi. Alizunguka na simu mkononi, chumba baada ya chumba, mlango ukiwa wazi kisha umefungwa, akauliza watoto hulala wapi na hukaa wapi kusoma. Nimekaa na mafundi wengi, na naheshimu zaidi ya yote saa hiyo ya kuisikiliza nyumba.

Nyuma ya kabati la juu akaikuta kebo. Ilivutwa miaka mingi iliyopita kutoka sebuleni kwa ajili ya kompyuta ambayo haipo tena. Kebo ya namna hii hubeba data hadi mita 100; hii haikufika 20. Kichwa chake kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, akakikata. Ndani zilikuwamo nyuzi nane, jozi nne zilizosokotwa, naye akazisokotoa kidogo tu, kiasi cha kuingia kwenye kichwa kipya, maana ule msokoto ndio unaokinga data isivurugwe. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Vidole vilizijua rangi kabla ya macho.

Kisha akachukua ruta kuukuu iliyokuwa imewekwa kando. Akaipa anwani 192.168.1.2, kwa kuwa ile ya chini ina 192.168.1.1. Akaizima kazi ya kugawa anwani, kwani nyumba moja haitaki wagawaji wawili. Kebo akaichomeka kwenye tundu la kawaida, si lile la intaneti. Jina na nenosiri ni yaleyale ya chini. Chaneli ndiyo tofauti, 1 chini na 11 juu, ili mawimbi yasikanyagane. Mwisho akapunguza nguvu ya ruta ya sebuleni, simu ya mtu anayepanda ngazi isiing'ang'anie.

Nilimtazama nikiwaza asili ya waya ule. Mwaka 1973, huko Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe alibuni Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, akiwa amejifunza kutoka ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioanza 1971 kuunganisha visiwa. Jina alilitoa kwenye etha, kile ambacho wanasayansi wa karne ya 19 walidhani kimeijaza anga na kubeba mwanga. Waya ulipewa jina la hewa, na asili yake ni visiwani. Leo, katika kisiwa chetu, ulikuwa unairudisha data hewani, hatua chache tu kutoka kitanda cha mtoto.

Kabla ya kuondoka, fundi aliandika kwenye kikaratasi: "Sebuleni – chumba cha juu", akakibandika kwenye kebo kwa utepe. Atakayekuja baada yake hatahitaji kusogeza kabati.